Mkataba wa Kwanza na Shamba la Michikichi: Namna ya Kujiandaa Kustaafu Mpira wa Kikapu

Mwezi wa Juni, shule zikiwa zimefungwa, mama mmoja wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, alikuja uwanjani kwetu jioni akiwa na bahasha ya kaki. Mwanawe ana urefu wa mita 2 na sentimita 3, na klabu moja ya nje ya mkoa ilikuwa imempa mkataba. Tulipokwisha kusalimiana akaketi kwenye benchi la mbao, akautoa mkataba, akaninyooshea. Nilidhani ataniuliza kama mshahara ule unatosha. Badala yake aliniuliza hivi: "Mwalimu, hii ni miaka miwili. Ikiisha, mwanangu atakuwa nani?"

Katika miaka yote ya kufundisha vijana wa Kigoma sikuwahi kuulizwa swali hilo na mchezaji, na mimi mwenyewe sikujiuliza nilipokuwa na umri wa kijana yule. Ninaandika mwongozo huu kwa ajili ya mchezaji anayekaribia kusaini mkataba wake wa kwanza, pamoja na wazazi na walezi watakaokaa naye mezani siku hiyo. Maandalizi ya kustaafu huanza siku ya mkataba wa kwanza, maana siku ya mkataba wa mwisho hakuna tena fedha, goti wala muda wa kuandalia chochote.

Anza kwa kuhesabu miaka

Chukua daftari na uandike umri wako wa sasa. Tuseme una miaka 22. Ukibahatika kucheza hadi miaka 34, na hiyo ni bahati kubwa, utakuwa umelipwa kwa kikapu kwa miaka 12. Ukijaliwa kuishi hadi miaka 70, utakuwa na miaka 36 mingine ya kula, kuvaa, kusomesha watoto na kulipa matibabu, nayo ni mara tatu ya ile uliyocheza. Mwalimu au nesi wa umri wa miaka 34 ndiyo kwanza anapandishwa daraja, ilhali mchezaji wa umri huo anakabidhi jezi.

Hata ile miaka 12 usiihesabu kama haki yako. Hasheem Thabeet, aliyezaliwa mwaka 1987, ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua akiwa wa pili kati ya wachezaji wote wapya wa mwaka ule, mbele ya James Harden aliyechaguliwa wa tatu na Stephen Curry aliyechaguliwa wa saba. Misimu mitano baadaye, akiwa amepita timu nne, alikuwa amekwisha kucheza mchezo wake wa mwisho katika ligi hiyo, na umri wake ulikuwa miaka 27. Aliendelea kucheza kwingineko, hadi Japani na Taiwani, na ninamtaja kwa heshima kubwa kwa sababu mlango alioufungua ndio vijana wetu wanaoutazama hadi leo. Lakini kama mtu wa kimo cha futi 7 na inchi 3, aliyechaguliwa wa pili katika ligi kubwa kuliko zote duniani, aliondoka NBA akiwa na umri huo, kijana wa Kigoma anayekwenda kucheza Dar es Salaam, Bujumbura au Kigali hana sababu ya kupanga maisha yake kana kwamba ataruka milele.

Soma mkataba kama mtu aliyekwisha kuumia

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo nilipopotea mimi.

Nilicheza Dar es Salaam misimu sita, nafasi ya mlinzi. Mkataba wangu ulikuwa karatasi moja, ulitaja mshahara na tarehe, basi. Msimu wa sita niliruka kuwania mpira uliogonga ringi, nikatua juu ya kiatu cha mwenzangu, na goti likalia kama kuni kavu inayovunjwa. Kiongozi mmoja alinijia wodini na mfuko wa machungwa, na baada ya hapo simu zangu hazikupokelewa tena. Katika ile karatasi hapakuwa na neno hata moja kuhusu kuumia, kwa hiyo sikuwa na pa kushika. Upasuaji ulilipwa kwa michango ya ndugu na kwa madumu 14 ya mawese ambayo mama yangu aliyauza kwa mkupuo mmoja, bei ikiwa chini, kwa sababu hospitali haikuweza kungoja bei ipande.

Kwa hiyo ukipewa mkataba, tafuta kwanza kipengele cha kuumia kabla hujatazama mshahara. Kinapaswa kueleza nani analipia matibabu na upasuaji, nani anachagua hospitali, mshahara utaendelea kulipwa kwa miezi mingapi ukiwa nje ya uwanja, na kama klabu ina haki ya kuuvunja mkataba kwa sababu ya jeraha ulilolipata ukiichezea. Kama kipengele hakipo, omba kiandikwe. Klabu yenye nia njema itaandika, na ikikataa utakuwa umejua mapema unakwenda kuishi na watu wa namna gani.

Angalia pia kama kiasi kilichotajwa ni kabla ya kodi au baada ya kodi, kwa sarafu gani, na kinalipwa tarehe ngapi ya mwezi. Nyumba, chakula na nauli ya kurudi Kigoma mwisho wa msimu viandikwe, visiachwe katika maneno ya mdomo. Kwa klabu za hapa nchini, uliza waziwazi kama utasajiliwa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Mchango wa mfuko huo ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hawezi kukatwa zaidi ya nusu yake. Klabu isiyokusajili inakunyima ile nusu nyingine pamoja na miaka ya uchangiaji ambayo baadaye huwezi kuirudisha. Kama unacheza bila ajira rasmi, NSSF hupokea pia wachangiaji waliojiajiri, nawe unaweza kuchangia mwenyewe.

Ukienda nje ya nchi kuna mambo mawili ambayo vijana wengi huyasikia wakiwa wamekwisha kukwama. La kwanza ni barua ya kuruhusiwa kuhama, inayotolewa na shirikisho la nchi unakotoka. Bila barua hiyo huwezi kusajiliwa katika nchi nyingine hata kama umekwisha kupanda basi na kuvuka mpaka. La pili ni usuluhishi. FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, iliunda mwaka 2007 chombo cha kusuluhisha migogoro ya mikataba ya kikapu, ambacho siku hizi kinajulikana kwa kifupi kama BAT na kina makao Uswisi. Mchezaji asiyelipwa anaweza kuishitaki klabu huko, ila kwa kawaida ni lazima mkataba wenyewe uwe na kipengele kinachosema kwamba migogoro itapelekwa BAT. Hata hivyo niseme ukweli kwamba kesi hiyo ina ada, na kwa mshahara mdogo ada inaweza kumeza dai lenyewe, hivyo kinga ya kweli ya mchezaji wa kipato cha chini ni kulipwa kila mwezi na kutokubali malimbikizo yavuke mwezi mmoja. Kama una wakala, hakikisha ana leseni ya FIBA kwa ajili ya mikataba ya kimataifa. Rafiki mwenye maneno mazuri na simu kubwa si wakala.

Nakala moja ya mkataba ibaki kwa mama au mlezi wako, na picha ya kila ukurasa iwe katika simu yako.

Ndugu na fedha

Familia nyingi za kwetu hazipendi kuzungumzia jambo hili, lakini lisipozungumzwa ndilo linalomaliza mshahara. Mchezaji akisaini, simu hubadilika: ada ya mtoto wa shangazi, bati la babu, mtaji wa binamu, msiba wa jirani. Kila ombi peke yake ni la haki. Yakijumlishwa, hayana mwisho.

Antoine Walker alicheza NBA kuanzia mwaka 1996 hadi 2008, akatwaa ubingwa na Miami Heat mwaka 2006, na mapato yake ya mishahara yalizidi dola milioni 108. Mwaka 2010 aliiomba mahakama imtangaze mufilisi. Alikuwa amewabeba ndugu na marafiki wengi, lakini pigo kubwa lilitoka kwenye biashara ya majumba, ambako alijidhamini mwenyewe kwa mikopo. Soko la nyumba lilipoanguka, wadai hawakuidai kampuni peke yake, walimdai yeye. Baadaye aliifanya habari yake kuwa somo, akawa anawafundisha wanamichezo wenzake juu ya fedha, na hilo ninamheshimu kwalo.

Ninachokushauri ni kuitisha kikao cha ukoo kabla ya mshahara wa kwanza, chini ya baba mkubwa au mjomba ambaye wengine wanamsikiliza. Waeleze mkataba ni wa miaka mingapi na nini kitatokea ukiisha. Tajeni fungu la nyumbani, kiasi kinachojulikana kila mwezi, likabidhiwe kwa mtu mmoja ambaye ndiye atakayepokea maombi na kuyapanga. Ukipigiwa simu, jibu lako liwe kwamba jambo hilo lipelekwe kwa baba mkubwa. Utaonekana mchoyo kwa miezi mitatu, kisha watazoea. Usiweke sahihi ya udhamini kwenye mkopo wa mtu yeyote, hata awe amekulea. Akiba ikae mahali ambapo haitolewi kwa kubonyeza simu. Mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS na hati fungani za serikali zinazouzwa kupitia Benki Kuu zinafaa zaidi kuliko kuificha kwa rafiki.

Gari lingoje. Nyumba nayo ingoje kidogo, nikijua kwamba wengi hawatakubaliana nami, kwa sababu nyumba iliyojengwa nusu kwa mkataba wa miaka miwili hubaki boma linaloota nyasi, na mwenyewe hulipita kila siku akiliona.

Kazi ya pili ianze wakati ile ya kwanza ingali hai

Junior Bridgeman alicheza NBA misimu 12, sehemu kubwa akiwa Milwaukee Bucks, akamaliza mwaka 1987. Hakuwahi kulipwa zaidi ya takriban dola 350,000 kwa mwaka, kiasi ambacho kwa viwango vya wachezaji wa leo wa ligi hiyo ni kidogo. Alipokuwa bado anacheza alianza kuingia katika biashara ya migahawa ya Wendy's, akaingia jikoni mwenyewe na kujifunza kazi za wale ambao baadaye wangekuwa wafanyakazi wake. Aliishia kumiliki migahawa zaidi ya 100, kisha akahamia biashara ya kutengeneza vinywaji vya Coca-Cola, na alipofariki Machi 2025 alikuwa bilionea. Ukimlinganisha na Walker utaona kwamba aliyelipwa kidogo sana ndiye aliyeishi kwa nafasi zaidi baada ya mpira, na tofauti yao kubwa ni kwamba Bridgeman aliijua kazi yake kwa mikono kabla ya kuitegemea.

Sisi hapa tuna Kibirizi, mwalo wetu wa dagaa ziwani. Kijana anayetaka kufanya biashara ya dagaa aamke likizoni saa kumi na moja alfajiri, asimame pale mitumbwi inapoingia na taa zake, aone dagaa wanavyopimwa kwa ndoo, wanavyoanikwa, na jinsi wingu moja la mvua ya asubuhi linavyoweza kuharibu mzigo wa mtu mzima aliyekopa kuununua. Afanye hivyo wiki tatu mfululizo, kisha ajiulize kama anaweza kuiendesha biashara hiyo kwa simu akiwa Dar es Salaam. Jibu langu ni kwamba hawezi. Dagaa wanamtaka mtu aliyepo.

Mchikichi ni habari nyingine, na ndiyo maana ninaupenda kuliko biashara zote kwa mchezaji wa Kigoma. Mche bora wa aina ya Tenera huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne, na huendelea kuzaa kwa miaka 25 na zaidi. Ukipanda ukiwa na miaka 22, mikungu ya kwanza utaikata ukiwa na miaka 25 au 26, na siku goti litakapokuambia inatosha shamba litakuwa limepevuka. Hiyo ni pensheni iliyosimama ardhini. Michikichi iliyolipa upasuaji wangu ilikuwa ya Dura, ile ya zamani yenye kokwa nene na nyama kidogo, aliyoirithi mama kwa bibi. Tenera ina kokwa jembamba na hutoa mafuta mengi zaidi.

Chukua miche kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga au kwenye kitalu kinachopata mbegu zake huko. Usiokote mbegu chini ya Tenera ya jirani, hata kama mti wake unakupendeza, kwa sababu Tenera ni chotara: mbegu zake hazirudii mama, nyingine huota Dura na nyingine huwa aina isiyozaa vizuri kabisa, nawe utaligundua hilo baada ya miaka minne ya kupalilia. Panda kwa nafasi ya mita 9 kati ya mche na mche, mvua zinapoanza Novemba, na katika miaka ya mwanzo panda maharage katikati ili shamba lisiwe gharama tupu. Ununuzi wa ardhi ufanyike mbele ya serikali ya kijiji, majirani wa mipaka yote wakiwepo na kutia sahihi, na karatasi iandikwe jina lako. Msimamizi mlipe mshahara, hata akiwa ndugu, na hasa akiwa ndugu, kwani asiyelipwa huvuna ujira wake shambani. Kila likizo nenda mwenyewe ukaihesabu miche, mmoja baada ya mwingine.

Anayetaka kubaki katika kikapu chenyewe naye aanze mapema. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba, hufundisha walimu na makocha; kozi za ukocha na uamuzi hutolewa pia kupitia TBF, shirikisho la kikapu la Tanzania, na mchezaji anaweza kuzisoma akiwa bado anacheza. VETA ipo hapa Kigoma kwa anayependa ufundi wa mikono. Kwa wale waliobaki na masomo nusunusu, ninamtaja Dikembe Mutombo, Mkongo, jirani yetu wa ng'ambo ya ziwa. Alikwenda Marekani kwa ufadhili akitaka kuwa daktari, akaishia Georgetown, ambako alihitimu mwaka 1991 katika isimu na diplomasia, ndipo akaingia NBA. Alianzisha taasisi yake mwaka 1997, mwaka ambao mama yake alifariki Kinshasa. Hospitali aliyoipa jina la mama huyo, Biamba Marie Mutombo, ilizinduliwa mwaka 2006, na yeye aliacha kucheza mwaka 2009. Tazama tarehe hizo vizuri. Kazi ambayo watu waliikumbuka alipofariki Septemba 2024 ilikuwa imesimama tayari wakati angali akivaa jezi namba 55.

Mwili

Mutombo alimalizwa na goti, katika mchezo wa mtoano, akiwa na miaka 42. Wengi humalizwa mapema zaidi na pasipo kamera. Hifadhi kila picha ya eksirei na kila cheti cha daktari tangu msimu wa kwanza, kwa kuwa daktari atakayekutibu ukiwa na miaka 50 atataka kujua goti hilo lilifanywa nini ulipokuwa na miaka 26.

Hatari isiyoonekana ni sahani. Mchezaji anayefanya mazoezi mara mbili kwa siku anaweza kula ugali mkubwa na migebuka miwili na mwili ukauchoma wote. Akiacha mazoezi, sahani hubaki ile ile, na ndani ya mwaka mmoja kilo 15 zinaongezeka juu ya magoti yaliyokwisha kuchoka. Mwaka 2015 walifariki Moses Malone akiwa na miaka 60 na Darryl Dawkins akiwa na miaka 58, wote kwa maradhi ya moyo, na mwaka uliofuata chama cha wachezaji wa NBA kikaanza kuwapima moyo wastaafu. Hapa kwetu, nenda hospitali ya Maweni au kituo cha afya kilicho karibu nawe upimwe shinikizo la damu na sukari, angalau mara moja kwa mwaka. Usiache mazoezi ghafla. Badilisha kuruka kuwe kutembea na kuogelea, na ziwa tunalo.

Msimu wa mwisho

Ukiona kwamba huu ndio msimu wa mwisho, iandikie klabu mapema, omba barua ya utumishi, hesabu ya malimbikizo na uthibitisho wa michango yako NSSF kabla hujarudisha jezi. Ukishaondoka mjini, kila karatasi itahitaji nauli ya treni.

Kwa wazazi na wake wa wachezaji nina neno moja. Saa ngumu kwa mstaafu ni saa kumi na moja jioni, saa ya mazoezi. Kwa miaka kumi na zaidi mwili wake ulikuwa ukiamka saa hiyo, na sasa hakuna anayemngoja popote. Nilipanda na kushuka ngazi za nyumba yetu Katubuka jioni nyingi bila sababu yoyote, hadi mama aliponiambia, "Baba, wale watoto pale shuleni hawana hata wa kuwapulizia filimbi." Usimwambie apumzike. Mpe mahali pa kwenda saa hiyo.

Kijana wa Mwanga alisaini siku nane baada ya mama yake kuja uwanjani, baada ya klabu kukubali kuongeza kipengele cha matibabu na miezi minne ya mshahara wakati wa jeraha. Mama anayo nakala, ndani ya bahasha ile ile ya kaki. Miche 60 ya Tenera imelipiwa kitaluni, na mashimo yatachimbwa Oktoba.